Chumvi ya Beseni la Nne

Stambuli alidondosha matone mawili ya dawa ndani ya kichupa, akakiinua mbele ya dirisha, na yale maji yakageuka maziwa.

Alikiweka kichupa mezani, akateka maji mengine kutoka beseni lile lile, akatia matone mengine mawili. Maziwa tena. Jana tu, Alhamisi asubuhi, maji ya beseni la nne yalikuwa maangavu hata ungeweza kusoma gazeti kwa nyuma yake. Akafungua daftari, akaandika tarehe, akaandika "Chumvi nyingi," kisha akapiga mstari chini ya neno "nyingi." Aliona mstari mmoja hautoshi, akapiga wa pili.

Watu wa Likoni walimjua Stambuli kwa mambo mawili: vidole vyeusi na moyo usioamini. Vidole vilitiwa weusi na dawa hiyo, dawa ya fedha kama alivyoiita, ambayo ukiigusa leo kesho ngozi yako ni kama ya mtu aliyeshinda akimenya ndizi mbichi. Moyo alizaliwa nao. Akinunua samaki alimfunua mashavu mbele ya muuzaji, akamfunua tena njiani. Akiambiwa fulani amekufa, aliuliza nani ameiona maiti. Alifanya kazi miaka mingi katika chumba cha dawa cha zahanati, akiosha chupa na kupima mchanganyiko, na huko alijifunza kwamba binadamu husema uongo lakini kichupa hakisemi.

Sasa alimfanyia kazi Bwana Taranta, Mzungu aliyekusanya vyombo vya kale kutoka magofu ya pwani. Jina lake hasa lilikuwa Tarrant, ila nani Likoni angelisumbukia. Ghala lao lilikuwa juu kidogo ya kivuko, nyumba ya mawe yenye paa la mabati, ambayo zamani iliwekwa mbata na hata leo ilinuka mbata siku za joto. Ndani mlikuwa na mabeseni saba makubwa, na kila beseni lilikuwa na chombo chake kimezama.

Kazi yenyewe ni ya subira. Chombo cha udongo kilichokaa baharini hunywa chumvi mpaka ndani ya mifupa. Ukikitoa ukakianika juani, umekiua: maji hukauka, chumvi hubaki ikaganda chembe chembe, na zile chembe huisukuma ngozi ya kioo iliyopakwa juu mpaka ikabanduka magamba magamba. Dawa yake ni kukiloweka katika maji yasiyo na chumvi, ukayamwaga, ukatia mengine, na kila mara chombo kikatema kidogo. Stambuli ndiye aliyepima kila asubuhi kimetema kiasi gani. Maji yakikaa siku kumi mfululizo bila ya kuonyesha maziwa, chombo kimepona.

Beseni la nne, lenye bakuli la kale, lilikuwa halifiki siku kumi. Chumvi iliteremka vizuri wiki nzima, kila siku maziwa mepesi kuliko jana, mpaka maji yakawa maangavu. Kisha Ijumaa asubuhi, ghafla, chumvi. Hii ilikuwa Ijumaa ya pili. Bakuli halina akili ya kutema siku sita, likapumzika, halafu likatapika kwa mkupuo mmoja. Kwa hesabu ya Stambuli jambo lilikuwa wazi: pana mtu anatia chumvi.

"Mama Randu," akaita.

"Abee, Bwana Stambuli."

Nyamvula akaingia na debe mkononi. Alikuwa mjane wa Kirabai, mwembamba, mwenye mwendo wa mtu asiyependa kurudia njia. Yeye ndiye aliyechota maji ya mvua katika tangi la nje na kuyajaza mabeseni, na kila Alhamisi alipiga deki ghala zima.

"Jana umetia nini katika beseni la nne?"

"Sikutia kitu. Nimepiga deki, saa sita nikaenda nyumbani kula, saa nane nikarudi nikamalizia."

"Na chumvi hii imetoka wapi?"

"Wewe ndiwe mwenye dawa," Nyamvula akasema. "Iulize."

Jibu hilo Stambuli hakulipenda. Mtu safi, aliamini yeye, hujibu kwa kirefu.

Ulikuwa mwaka wa sitini na moja, na hata bila ya beseni la nne watu walitazamana kwa jicho la pembeni. Uhuru ulikuwa unakuja. Hawa walitaka Mwambao ujitenge, hawa walisema nchi ni moja, na kwenye kivuko mtu aliitazama kwanza kofia ya mwenziwe ndipo ajibu salamu. Stambuli alikuwa wa Mwambao. Nyamvula, aliyekwenda kanisani kila Jumapili, hakupata kuulizwa alikuwa wa upande gani. Stambuli alikwisha kumjibia.

Jumamosi Bwana Taranta akavuka kutoka kisiwani kama ilivyokuwa desturi yake, akasoma daftari, akasugua paji la uso. Kaskazi ilikuwa kali, mvua hakuna, tangi limeshuka nusu, na kila chumvi ilipoingia walilazimika kumwaga maji ya mvua na kuanza upya. Akawaita wote wawili.

"Ufunguo wa ghala ni kwenu nyinyi wawili tu," akasema. "Ikitokea mara ya tatu, mmoja ataacha kazi. Stambuli, wewe utaniambia nani."

Stambuli aliitika kwa kichwa. Lakini moyoni alishikwa na hofu, kwa sababu watu wawili wakishukiwa na mmoja hapatikani na hatia, hubaki mwingine. Umri wake ulikuwa miaka hamsini kasoro. Kazi nyingine ya kupima kitu na kuandika ukweli wake angeipata wapi?

Nyumbani alimweleza mkewe, Mwanasiti, aliyekuwa akipepea makaa.

"Ni yule mwanamke tu," akasema. "Kikulacho ki nguoni mwako. Anataka nionekane sijui kazi, nitolewe, yeye apumue."

"Huenda," akasema Mwanasiti. "Na lile bakuli halijaharibika?"

"Halijaharibika maadamu limo majini. Hatari ni kupata hewa. Likae wazi kidogo tu, ule upande wa juu ukikauka, basi ngozi yake inapasuka. Maji yasipungue hata shibiri moja."

Aliyasema hayo kwa raha, kama alivyokwisha kuyasema mara nyingi, maana nyumbani ndiko alikosikilizwa. Bakuli la beseni la nne halikuwa geni kwao. Lilikuwa la kijani na buluu, lililopachikwa zamani katika ukuta wa kaburi la Mwana Zawadi, ukingoni upande wa Mtongwe. Wanawake waliokawia kuzaa, na waliozaa wakazika, walikuwa wakienda kulifuta kwa maji, wakayakinga maji hayo, wakayanywa. Kisha bahari ikaula ukingo, kaburi likaporomoka, bakuli likakaa topeni miaka saba mpaka watu waliotafuta chaza walipolikwaa. Stambuli aliyajua yote hayo kama alivyolijua jina la mama yake, na pengine ndiyo sababu hayakumpitia akilini.

Chumba cha ndani alilala binti yao, Salme. Mimba tatu zilikuwa zimemtoka, zote mwezi wa tatu, na sasa alikuwa na ya nne. Jaffar, mumewe, aliyefanya kazi Changamwe, alikuwa amemrudisha kwa mama yake apumzike, asiinue hata ndoo. Nyumba nzima ilitembea kwa ncha za vidole. Stambuli alipopita mlangoni alikohoa kidogo, akasema "Mwanangu," Salme akaitikia "Labeka, baba," na hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao ya kila jioni. Zaidi ya hapo aliogopa.

Wiki iliyofuata Stambuli aliweka mitego. Kila jioni alikifunga kifuniko cha beseni la nne kwa uzi mweusi wa kushonea, fundo alilofundishwa na babake, na kila asubuhi alilikuta fundo vile vile. Alimwaga jivu laini sakafuni ili apate unyayo. Nyamvula, aliyeajiriwa kuiweka sakafu safi, akalifagia, na Stambuli akaona kwamba huko ndiko kuficha ushahidi. Alipima maji ya tangi: safi. Ya debe la Nyamvula: safi. Alipima hata maji ya deki. Nyamvula alimwona akichutama mbele ya ndoo ya deki na kichupa mkononi, akatikisa kichwa akaenda zake.

Kisha, Jumatano, akaona. Nyamvula alikaa kizingitini akifungua pembe ya leso yake, na ndani ya fundo mlikuwa na chumvi.

"Ya nini hiyo?"

"Ya embe," akasema Nyamvula, akamwonyesha embe bichi alilokata vipande. "Karibu."

Stambuli hakukaribia. Embe aliliona, lakini embe ni kitu rahisi kununua kwa mtu anayetaka kisingizio.

Alhamisi alikaa karibu na beseni la nne kama mlinzi wa benki. Saa sita Nyamvula akaondoka. Mwanasiti akaja na kikapu kama kila siku, wali na samaki, na kuzi la udongo lenye maji ya nyumbani, kwa kuwa Stambuli hakuyaweza maji ya mvua. Aliyasema hayana ladha. Adhana ikatoka, akamwachia mkewe ghala, akaenda kuswali, akarudi akala. Nyamvula akarudi saa nane. Jioni akafunga fundo lake.

Ijumaa fundo lilikuwa vile vile, na maji yalikuwa maziwa.

Akakaa akafikiri. Usiku hakuingia mtu, uzi umeshuhudia. Basi chumvi iliingia mchana, na mchana humo ghalani hukaa watu wawili. Alihesabu tena na tena, na kila mara alipata wawili. Mmoja alikuwa yeye mwenyewe.

Jumamosi alimwambia Bwana Taranta jina, akamweleza habari ya leso. Nyamvula aliitwa, akafungua leso mwenyewe kabla hajaambiwa, akaiweka ile chumvi mezani, mbele ya daftari. Hakulia wala hakuapa. Alimgeukia Stambuli.

"Umepima tangi, umepima debe langu, umepima mpaka maji ya deki," akasema. "Maji ya kwenu umeyapima?"

Aliweka ufunguo wake juu ya meza akatoka. Stambuli alilichukua neno lile kama tusi la ukabila, kwamba watu wa pwani wana lao jambo, akalikasirikia siku nzima. Hasira ile ilimsaidia, maana bila ya hasira angelazimika kukumbuka jinsi alivyotembea yule mama hadi mlangoni.

Sasa kazi yote ikawa yake. Alichota, akamwaga, akaosha, akapiga deki, na kiuno kikamkumbusha umri wake. Lakini daftari lilimtuliza. Jumapili maziwa mepesi. Jumatatu mepesi zaidi. Jumatano safi. Alhamisi asubuhi safi.

Alhamisi hiyo, karibu na adhuhuri, Mwanasiti alifika na kikapu chake akaanza kupakua. Stambuli alikuwa na kiu ya kubeba madebe. Akachukua glasi ya vipimo, ambayo aliamini ameiosha, akamimina maji ya kuzi, akainua kunywa. Dawa ilikuwa imebaki ndani yake: glasi ilikuwa na maziwa.

Mtu mwingine angeimwaga, akalaani, akachukua nyingine. Stambuli alikipangusa kichupa kipya kwa kitambaa safi, akakisuuza kwa maji ya mvua, akayapima maji yale ya mvua kwanza: safi. Kisha akatia maji ya kuzi, na matone mawili. Maziwa mazito, mazito kuliko ya beseni la nne siku yoyote iliyoandikwa.

Alisimama na kichupa mkononi. Kisima chao kilisifiwa Likoni nzima kwa utamu. Watu walitoka mitaa mitatu kuteka hapo, na bibi yake alikuwa akisema chai ya maji mengine si chai. Aliyanywa maji ya kisima hicho tangu siku aliyoachishwa ziwa. Hakupata kukipima, kwa sababu hapimi mtu maji ya kwao.

Adhana ikatoka.

"Enenda ukaswali, Baba Salme," akasema Mwanasiti. "Utachelewa."

Alikuwa amelisikia neno hilo kila Alhamisi. Yawezekana alilisikia kila siku ya wiki, lakini sasa alizikumbuka Alhamisi tu. Akavaa kofia, akatoka, akafika kwenye kona, akarudi kwa upande wa nyuma, akasimama dirishani kwake mwenyewe kama mwizi.

Mwanasiti alikuwa amekwisha kufungua kifuniko cha beseni la nne. Aliinua mikono, midomo ikitembea, akalitaja jina la Salme. Kisha akatoa chini ya buibui chupa kubwa ya sharubati, akaijaza kwa kata, taratibu, bila ya kuligusa bakuli. Alipomaliza aliinama akatazama ukingo wa beseni, maji yalipopungua, akanyoosha mkono kulichukua kuzi.

Stambuli aliingia. "Usimimine."

Mwanasiti hakuruka wala hakupiga kelele. Alilishika tu kuzi kifuani. "Lisikae wazi," akasema. "Ulinambia mwenyewe, yasipungue hata shibiri."

"Hii ni mara ya ngapi?"

"Ya tano."

Daftari lilikuwa na Ijumaa tatu. Leo ya nne, na ile moja iliyobaki? Hata hapo, mbele ya mkewe, akili yake ilikwenda kutafuta, ikapata: Alhamisi ya mwanzo bakuli lenyewe lilikuwa bado likitema, maji ni maziwa matupu, nani angeona.

"Kwani wanawake walikuwa wakienda lini kwa Mwana Zawadi?" akauliza, naye alijua.

"Alhamisi. Nani hajui?" Mwanasiti akalitua kuzi chini. "Mtoto hunywa usiku wa kuamkia Ijumaa, glasi moja, kwa bismillahi. Baba Salme, yeo ana mwezi wa nne na siku tisa. Hajapata kufika hapo. Hajapata."

"Na Nyamvula?"

"Nyamvula kafanyani? Nalidhani ni mambo yenu ya kazi. Mimi chumvi siijui, wallahi. Mimi nimetia maji matamu ya kisima chetu, tena nayachuja."

Stambuli alichukua kichupa kile, akatia maji ya mvua na matone mawili katika kingine, akamsogezea vyote viwili karibu na macho yake, akamwambia haya ni ya kuzi, haya ni ya mvua. Mwanasiti alitazama kimoja, akatazama cha pili. Akakaa juu ya debe lililopinduliwa, debe la Nyamvula, akajifunika uso kwa ukaya wa buibui. Mkewe hakuwa mtu wa kulia, na Stambuli hakujua aweke wapi mikono yake myeusi.

Baadaye akafanya jambo ambalo hakulitarajia. Alikwenda tangini, akachota maji ya mvua, akalijaza beseni la nne mpaka pale pale palipokuwa. Kisha akaifunga vizuri ile chupa ya sharubati, akampa mkewe, akamwambia aende nayo.

Usiku hakulala vizuri. Kumbe ilikuwa rahisi hivyo. Mwanasiti achukue maji yake, yeye ajaze ya mvua, Salme anywe, bakuli lisafike, na hakuna atakayejua. Kila mtu atapata haki yake. Alilirudia hilo mara nyingi, kama alivyohesabu watu wawili ghalani, na safari hii alijua ni nani anayemruka.

Ijumaa asubuhi alitia matone mawili, na maji yakabaki maangavu. Ilikuwa Ijumaa ya kwanza safi tangu kazi ianze. Alishika kalamu, akaandika "Safi." Alikuwa amelipenda daftari lile kwa sababu halisemi uongo. Sasa kila siku safi atakayoiandika ingekuwa shahidi juu ya Nyamvula: amekwenda, na chumvi imekwenda naye. Hakuandika neno la uongo hata moja, na ukurasa mzima ulikuwa unamwita mwanamke yule mwizi.

Jumamosi Bwana Taranta alisoma, akatabasamu kwa mara ya kwanza katika mwezi.

"Ijumaa safi. Basi alikuwa yule mama kweli." Akampiga Stambuli begani. "Zikifika siku kumi, bakuli litakwenda kuonyeshwa. Nitaandika jina lako kwenye karatasi yake: limetunzwa na Stambuli. Watu watasoma."

Stambuli alitamani kusomwa. Tusimfiche: aliitamani karatasi ile kama mtoto atamanivyo nguo ya Idi. Halafu akalichukua kuzi la nyumbani, akamimina kidogo katika kichupa, akadondosha matone yake mawili, akakiweka mbele ya Bwana Taranta.

"Haya ni maji ya kisima changu," akasema. "Ndiyo yaliyoingia beseni la nne. Nyamvula hakutia kitu. Yametoka nyumbani kwangu, kwa mkono wa mtu wangu, na mtu huyo hakujua. Lakini mimi kazi yangu ilikuwa kujua."

Bwana Taranta alitaka kujua mtu huyo ni nani na kwa nini. Stambuli akasema hilo hatalisema, kwani ni la nyumba yake. Mzungu aligeuza kurasa za daftari nyuma na mbele.

"Chumvi itatoka," akasema mwishowe. "Lakini nilimfukuza mtu kwa neno lako. Sitaweza kuliamini daftari hili tena ikiwa wewe ndiye unayeliandika. Acha ufunguo wako. Ule wake mpelekee, umwambie nimekosa, na kazi yake iko."

Nyamvula alipanga chumba kwenye nyumba ya udongo nyuma ya soko. Stambuli alimkuta akifunga mzigo, sufuria ndani ya mkeka, mkeka ndani ya kamba; kesho yake alikuwa arudi Rabai kwa kakake, Gershom.

"Hodi, Mama Randu."

"Karibu, Bwana Stambuli." Hakuonyesha kushangaa. Akamvutia kigoda, akaendelea kukaza kamba.

Stambuli alieleza yote akiwa amesimama, hata ya Bwana Taranta, hata ya ufunguo wake kuachwa mezani. Akasema amemkosea, akamwomba radhi. Kisha akanyoosha mkono wenye ufunguo. Nyamvula aliutazama ule mkono mweusi kwa muda kabla ya kuuchukua ufunguo.

"Salme hajambo?" akauliza.

"Salme umemjulia wapi?"

"Alhamisi moja nilisahau leso yangu, nikarudi njiani kuifuata. Nikamwona mama yake kwa dirishani, ameshika kata, anamwombea kwa jina. Hakuniona." Akaifungua ile kamba, kwa kuwa sasa hakukuwa na safari. "Niliona na kuzi pia. Maji yenu ni ya chumvi, Bwana Stambuli. Sisi tuliotoka juu, Rabai, tulijua siku ya kwanza tulipoyanywa. Nyinyi ndio mwayaita matamu."

"Ukajua yote hayo, ukakubali kufukuzwa?"

"Mimi nimezika wawili kabla ya Randu. Mwanamke akimwombea mwanawe, siendi kumsemea kwa Mzungu."

"Ungeniambia mimi."

Nyamvula aliacha kamba. Hasira yake ilikuwa ya kimya, na ndiyo kwanza Stambuli aione.

"Uliniuliza nimetia nini. Uliniuliza chumvi ya leso ni ya nini. Ulilipima na debe langu. Siku hata moja hukuniuliza nimeona nini."

Stambuli akakaa kwenye kigoda alichokuwa amewekewa tangu mwanzo. Nyamvula aliingia ndani, na kwa kuwa mgeni ni mgeni, akamtolea maji katika bakuli, yaliyotekwa kisima kile kile cha kina Stambuli. Stambuli aliyapokea kwa mikono miwili, akanywa mpaka chini, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akaisikia chumvi.